Pingamizi ishirini na nne

Mzee alivua miwani yake, ile yenye uzi mweusi mahali pa skrubu, akaikunja polepole kama mtu anayekunja barua. Akafunga kaunta buku lake. Akasema, "Haya, Mwalimu."

Basi. Kahawa kikombeni mwake ilikuwa bado nusu, na Mzee si mtu wa kuacha kahawa. Alishika fimbo, akashuka vidato viwili vya baraza yangu, akavuka barabara kwenda kwake.

Nilibaki na simu mkononi, na maneno niliyomtupia yakinirudia masikioni kwa sauti yangu mwenyewe.

Nitayaandika hapa chini. Nipeni muda kidogo.

Walikuwa wanasoma nini?

Mzee ni mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri. Miaka 31 ya kuhamishwa mtaa hadi mtaa, milima ya Usambara na huku chini pwani. Mimi ni mtoto wa madrasa, nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga. Tu majirani, huu mwaka wa tisa, na kilichotukutanisha kwanza ni kahawa, si dini.

Mwaka jana aliniuliza jambo. "Luka sura ya pili nimeihubiri hata sikumbuki mara ngapi. Mtoto Yesu ameketi hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Sasa, mwanangu, wewe mtu wa vitabu. Wale waalimu walikuwa wanasoma nini? Na maswali yenyewe ni yapi?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba kuna maktaba kwenye intaneti, Sefaria, inayotoa vitabu vya Kiyahudi bure, ikiwemo Talmudi, ule mkusanyiko wao wa sheria na mabishano juu yake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mishna, ambayo ndiyo kiini cha Talmudi, ilikusanywa yapata mwaka 200, kwa hiyo si kile hasa alichokisikia yule mtoto. Lakini mabishano yaliyomo yanarudi nyuma hadi kwa wazee wa zama za hekalu lenyewe.

Tukaanza. Jumatatu na Alhamisi, baada ya Alasiri. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natafsiri kwa sauti. Yeye anaandika kwenye kaunta buku. (Baadaye tukagundua kwamba Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ambazo Torati husomwa katika sinagogi tangu zamani, mbali na Sabato. Zilikuwa siku za soko na za baraza la kuhukumu, watu wamekusanyika. Mzee alifurahi kana kwamba tumetajwa sisi.)

Kuna rafiki aliyeniandikia, "Vitabu vyao, wakati huu?" Nilimjibu kuwa tunabishana na watu waliokufa zamani sana, na hawajatukosea.

Saa tatu

Karibu kila kitabu cha Talmudi huanzia karatasi ya pili. Ya kwanza haipo. Nilipomwambia Mzee alicheka, "Kumbe tumechelewa hata kabla hatujaanza."

Hakuna dibaji, wala hakuna "hapo mwanzo". Kile cha kwanza kinaanza na swali la saa: ile Shema, "Sikia, Ee Israeli", jioni husomwa kuanzia saa ngapi? Na mwisho wake lini? Mmoja anasema mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku. Wahenga wanasema usiku wa manane. Rabani Gamalieli anasema hadi alfajiri, na hapo hapo kinaingizwa kisa cha wanawe waliorudi kutoka karamuni usiku umekwisha kwenda, wakamwambia baba yao hawajasoma. Akawaambia, kama hakujapambazuka, ni wajibu wenu kusoma.

"Watoto wa mchungaji!" Mzee akapiga goti kwa kiganja. "Hao nawajua."

Kisha ikaja Shema ya asubuhi. Huanza pale mtu anapoweza kutofautisha rangi ya samawati na nyeupe. Mimi nikakumbuka uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri katika sura ya Bakara, nikanyamaza kidogo. Na mwisho wake? Rabi Yoshua anasema: hadi saa tatu, kwani ndiyo desturi ya wana wa wafalme, kuamka saa tatu.

Msomaji wa Kiingereza hapo hana budi kuelezwa: saa tatu tangu kupambazuka, siyo saa tatu baada ya usiku wa manane, na kadhalika. Sisi hatukuhitaji maelezo. Saa tatu ni saa tatu. Chai, mandazi, jua limepanda. Mzee akachomekea Matendo ya Mitume, Petro akiwatetea wenzake: watu hawa hawakulewa, kwa maana ni saa tatu ya mchana. "Unaona?" akasema. "Hiki kitabu kinatumia saa yetu."

Na siku nayo inaanza magharibi, kama wazee wa pwani wanaposema usiku wa Ijumaa wakimaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa majuma kadhaa tulisoma kwa raha, kama watu waliorudi kijijini kwao wakakuta njia hazijabadilika.

Ni kweli, Mzee

Kitu kimoja kilimsumbua. Siku ya Alhamisi moja aligeuza kaunta buku nilione. Pembeni alikuwa amechora vijiti, vinne vinne na cha tano kimelazwa juu yake.

"Leo umesema 'ni kweli, Mzee' mara kumi na moja."

Nikasema, "Ni—" nikajizuia. Cha kumi na mbili.

Alikuwa amesikia kutoka kwangu mwenyewe jinsi wanavyosoma wenzetu wale. Katika yeshiva, mahali wanapofundishwa marabi, mwanafunzi hasomi peke yake. Anapewa mwenzake, wanaita havruta; wanakaa wakitazamana, kitabu katikati, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine kazi yake ni kumkwamisha. Chumba kizima kina kelele kama soko la samaki. Mwalimu hupita na kutoa darsa, lakini siku kubwa inaliwa na ule ubishi wa wawili wawili.

Na ukurasa wenyewe umejengwa hivyo. Tangu Daniel Bomberg alipoipiga chapa Talmudi nzima huko Venice kati ya 1520 na 1523, matini hukaa katikati. Upande mmoja kuna ufafanuzi wa Rashi, mtu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa pili kuna Tosafot, yaani nyongeza za ufafanuzi, na miongoni mwa walioanzisha shule hiyo ni wajukuu zake Rashi, watoto wa binti yake. Kila ukurasa wajukuu wanampinga babu. Mmoja wao, Rashbam, ameandika kwamba alijadiliana na babu yake ana kwa ana, na babu akakiri kwamba laiti angepata nafasi angeandika tafsiri nyingine.

Jaribuni kufikiria jambo hilo kwenye ukoo wenu.

Mimi nimelelewa chuoni, na "kwa nini" ya kwanza niliyoiuliza ilijibiwa kwa mkwaju. Msinielewe vibaya: vitabu vyetu vya fiqhi vimejaa ikhtilafu, na Imamu Shafii mwenyewe ana kauli ya kale na kauli mpya, mtu anajipinga mwenyewe. Lakini kutoka kwenye kitabu hadi kwenye mkeka wa mtoto wa miaka minane kuna safari ndefu, na mengi huanguka njiani. Kilichonifikia ni adabu. Mkubwa akisema, unaitikia. Mzee ana miaka 78.

Basi usiku ule nilitafuta kisa nilichowahi kukisikia kwenye mhadhara, nikampelekea Jumatatu kama zawadi.

Kiko katika kitabu kingine cha Talmudi, Baba Metzia. Rabi Yohanan, mkuu wa wanazuoni wa Tiberia, alikuwa na mwenzake wa kusoma naye, Resh Lakish. Resh Lakish akafa. Yohanan akahuzunika mno, na wenzake wakamletea mtu wa kumliwaza, Elazar mwana wa Pedat, kijana hodari. Kila Yohanan aliposema jambo, Elazar alisema: kuna mapokeo yanayokuunga mkono. Yohanan akamwambia: Wewe ndiye wa kuwa badala ya mwana wa Lakish? Yeye nilipokuwa nikisema neno alinitolea pingamizi 24, nami nikampa majibu 24, na hapo sheria ikapanuka. Wewe unaniambia kuna mapokeo yanayoniunga mkono. Kwani mimi sijui kwamba nimesema vizuri?

Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mwana wa Pedat ndiye wewe."

Nilichosema

Nikaamua kubisha. Tatizo la mtu aliyeanza kubisha ukubwani ni kwamba hajui breki iko wapi.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kwenye saa tatu. Nikamwambia, Mzee, saa yao si saa yetu. Wao waliugawa mchana vipande 12, uwe mfupi au mrefu. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu haubadiliki sana, ndiyo maana saa ya Mishna inatukaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Tiberia iko karibu nyuzi 33 kaskazini. Desemba mchana wao unashuka hadi saa kama kumi hivi, kwa hiyo saa moja yao ni dakika 50. Juni inapita dakika 70. Nilichora hata mchoro. Jiografia ni uwanja wangu.

Mzee aliutazama mchoro. "Kwa hiyo saa inavutika kama mpira."

"Ndiyo."

"Na kiangazi mwana wa mfalme analala zaidi."

"Kwa hesabu hiyo, ndiyo."

"Sasa nieleze. Kwa nini kipimo cha sheria ya Mungu awe mwana wa mfalme? Mchunga mbuzi anaamka saa ngapi? Mama wa samaki pale Deep Sea anaamka saa ngapi? Mbona hawakumuuliza yeye?"

Nikasema ni rehema, wamesogeza mpaka hadi kwa anayechelewa kuliko wote ili pasiwe na wa kuachwa nje. Akasema rehema kwa tajiri haihitaji rabi. Nikasema hata aliyepitwa, Mishna inasema hapotezi kitu, ni kama mtu asomaye Torati. Akasema, "Hujanijibu. Mbona mfalme?"

Na kweli sikuwa na jibu.

Wanafunzi wawili wangu walikuwa wanapita wakatusalimia, wakasimama kusikiliza. Nikahisi joto shingoni. Nikasema:

"Mzee, ndiyo maana hawakukuvisha kola."

Wasiojua: mwinjilisti anahubiri, anafundisha kipaimara, anazika, lakini si mchungaji. Hajawekewa mikono. Mzee alipendekezwa kwenda chuo cha theolojia mara mbili, na mara zote mbili jina likapotelea njiani. Aliniambia hayo mara moja tu, siku ya mvua, umeme umekatika, tusionane nyuso.

Ndilo hilo nililolichukua.

Nusu niliyoiruka

Shikamoo yangu aliendelea kuiitikia. Marahaba, kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuvuka.

Juma la pili nilirudi kwenye kile kisa ili nione nilikosea wapi kuhusu pingamizi 24. Nikagundua kwamba mimi nilikuwa nimesoma mwisho wake tu. Yule mhadhiri alianzia kwenye msiba. Sikuwahi kujiuliza Resh Lakish alikufa kwa nini.

Resh Lakish alikuwa jambazi. Yohanan ndiye aliyemvuta kwenye elimu, akamwoza dada yake, akamfundisha hadi akawa mtu mkubwa. Siku moja chuoni ulizuka mjadala: upanga, kisu, jambia, mkuki, vinahesabika kuwa vimekamilika lini, ili vianze kuingiwa na najisi? Yohanan akasema, vinapotoka kwenye tanuri. Resh Lakish akasema, vinapong'arishwa majini.

Yohanan akajibu: Jambazi aujua ujambazi wake.

Niliweka simu chini.

Resh Lakish akamuuliza, umenifaa nini basi? Kule waliniita bwana, na huku wananiita bwana. Akaugua. Mkewe, yaani dada yake Yohanan, akaja akilia amwombee mumewe, angalau kwa ajili ya watoto. Kaka hakulegea. Resh Lakish akafa. Ndipo Yohanan alipoanza kutembea akirarua nguo zake na kulia, uko wapi mwana wa Lakish, uko wapi mwana wa Lakish, hadi akili ikamtoka. Wenzake wakamwombea rehema, naye akafa.

Kwa hiyo ile sifa maarufu ya pingamizi 24, inayonukuliwa na kila mtu anayetaka kusifia ubishi wa yeshiva, ilitoka kinywani mwa aliyemuua mwenye pingamizi hizo. Na mjadala ulikuwa wa visu! Resh Lakish huenda alikuwa anavijua visu kuliko mtu yeyote chumbani. Yohanan angeweza kumuuliza. Badala yake akaichukua ile elimu ya mwenzake akaifanya tusi.

Sikulala vizuri siku zile. Nilijiambia labda wazee wetu wa mkwaju walikuwa na lao: ukimfungulia mtu mlango wa kubisha, hujui atatoka na nini. Sijaliondoa wazo hilo lote.

Afundishe? Afundishe

Nikaanza kusoma habari za kola, yaani za kwao.

Kuwekwa kuwa rabi wanaita semikha, kuwekea mikono, kama Musa alivyomwekea Yoshua katika Hesabu 27. Mnyororo ule wa mikono ulikatika karne nyingi zilizopita. Ya leo ni ruhusa, kitu kama ijaza yetu, na maneno yake yametoka katika kitabu cha Talmudi kiitwacho Sanhedrin, pale mtu anapoombewa kibali kabla ya safari: Afundishe? Afundishe. Ahukumu? Ahukumu. Mtihani wa kimapokeo hauulizi kwanza habari za mbinguni. Unauliza jikoni. Tone la maziwa limedondokea kwenye chungu cha nyama: kilichomo chunguni kinalizidi tone hilo mara 60 au la? Mama amesimama mlangoni na chungu chake, mchuzi unapoa, anataka jibu.

Mzee angelipenda hicho chungu. Miaka 31 watu wamemgongea mlango na vyungu vyao.

Nikasoma pia habari za majirani zetu wa Mbale, Uganda, Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyesoma Agano la Kale hadi likamshika, alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaishika Torati. Wakaipitisha kizazi hadi kizazi, hata Idi Amin alipoupiga marufuku Uyahudi wakasali kwa kujificha. Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa viongozi wao, alipata semikha huko Los Angeles mwaka 2008, akarudi Nabugoye. Hesabu ni nyepesi. Miaka 89 jumuiya ile ilisomewa, ikafundishwa na ikazikwa na watu wasio na karatasi.

Lakini kilichonipata hasa kilikuwa kwenye sura ile ile ya kwanza tuliyokuwa tukiisoma, mistari michache mbele ya saa tatu. Rabi Elazar ben Azarya, aliyekuwa mkuu wa baraza zima, anasema: Mimi ni kama mtu wa miaka 70, na sikujaliwa kujua kwa nini kutoka Misri kutajwe usiku, mpaka Ben Zoma alipolifafanua.

Ben Zoma. Si Rabi Ben Zoma. Hakuwahi kuwekewa mikono, ndiyo maana anatajwa kwa jina la baba yake tu. Nalo limekaa pale hadi leo, na marabi wote tangu hapo wamepita kwake ukurasa wa mwanzo mwanzo, kabla hawajafika kwenye vyungu.

Nilitaka kuvuka barabara nimsomee. Mara tatu nilifika kwenye mtaro nikarudi. Niliogopa ingeonekana nimemletea pipi.

Kaunta buku

Jumatatu iliyopita, saa kumi na moja kasoro, mjukuu wake alikuja na lile daftari, amelibeba kichwani kama sinia. "Babu kasema usome, kisha umrudishie."

Mzee alikuwa amepiga rula mistari kwenye ukurasa mpya na kuandika namba pembeni, moja hadi 24. Zilizojazwa zilikuwa sita, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mtu anayebonyeza sana.

*1. Mchunga mbuzi. Hukunijibu.*

*2. Wana wa Gamalieli. Baba alikaa macho akiwasubiri, au walimwamsha? Kitabu kinasemaje?*

*3. Mwana wa Pedat. Aliitwa kuliwaza mfiwa, naye akaliwaza. Kosa lake nini? Nani alimwambia abishe?*

Hapo nilisimama kidogo.

*4. Mizunguko ya siku 2,711 uliyoniambia, Talmudi nzima karatasi moja kila siku, wazo la yule rabi aliyelitangaza Vienna 1923. Ni karibu miaka saba na nusu. Mimi na wewe kwa mwendo huu tutamaliza lini? Piga hesabu, wewe ni mwalimu.*

*5. Ulisema "ndiyo maana". Hawakunivisha kola, hiyo nakubali. Kwamba ndiyo maana, thibitisha.*

Namba sita ilikuwa mistari miwili, lakini risasi ilikuwa imefifia na mjukuu ameshika pale kwa vidole vya mafuta. Niliigeuzia kwenye mwanga, nikaipiga picha na kuikuza. Nilipata neno "saa", na kitu kinachofanana na "mvua".

Nikatafuta makubazi yangu, nikachukua birika.